Matokeo ya utafiti yarudi kule sampuli zilikochukuliwa

Mhariri,

Kila unapofika msimu wa mahafali, gazeti lako hujaa picha za majoho na kofia, na chini yake huandikwa idadi ya waliotunukiwa shahada za uzamili na uzamivu. Naomba nafasi niulize jambo ambalo picha hizo hazilijibu: utafiti ulioandikiwa shahada hizo, uwe wa uhandisi, wa teknolojia ya nano, wa elimu au wa mazingira, umemfikia nani baada ya joho kurudishwa? Siulizi kama mhadhiri, kwa sababu sijawahi kuwa mhadhiri. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya maji kwa miaka 31 katika taasisi moja ya hapa Dar es Salaam, sasa nimestaafu, na kwa muda wote huo kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba chupa za watafiti.

Kubeba chupa si kazi ya kudharau. Chupa ya kupimia metali huoshwa kwa asidi siku moja kabla. Ukifika mtoni unaisuuza mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, unaizamisha ukiuelekeza mdomo wake kule maji yanakotoka ili tope unalolitibua kwa miguu lisiingie, na mwisho unadondosha matone ya asidi ya nitriki ili metali isinate kwenye kuta za chupa. Chupa ya vijidudu ina masharti yake mengine kabisa: imepitishwa kwenye mvuke, haisuuzwi, mdomo wake hauguswi, na lazima ifike maabara siku ileile ikiwa ndani ya kasha la barafu, jambo ambalo kwa foleni ya Tabata saa kumi jioni ni mtihani mgumu kuliko mingi niliyoona watu wakivikwa majoho kwa kuifaulu.

Kwa miaka hiyo nimeteremka bonde la Msimbazi mara nyingi kuliko nilivyokwenda ufukweni. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita kwenye viwanda, machinjio, mabwawa ya majitaka na nyumba za watu, kisha unamwaga baharini pale Salenda, na kila anayesomea mazingira au uhandisi wa maji katika jiji hili hupita hapo angalau mara moja. Siku moja, miaka michache kabla sijastaafu, nilikuwa na mwanafunzi wa uzamili kwenye bustani za mchicha upande wa Kigogo. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia kwa ndoo mbili zilizotobolewa chini alitusubiri tumalize kuchota, akaniamkia, kisha akauliza: “Baba, ninyi si ndio mliokuja mwaka juzi? Yale maji mliyochukua, mlikuta nini?” Mwanafunzi alinitazama mimi, nami nikaitazama chupa. Aliyekuja mwaka juzi alikuwa mwanafunzi mwingine, ambaye tayari alikwisha kuhitimu na kupata kazi mkoani. Kazi yake ilikuwa maktaba, imejalidiwa vizuri, jina lake limechapwa kwa herufi za dhahabu, na ndani yote ni Kiingereza. Nilimjibu yule mama kwamba majibu bado hayajatoka. Nilimdanganya, na barua hii naiandika kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Majibu ya namna ile yalikuwepo tangu zamani. Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha katika jarida la Food Chemistry vipimo vya kadimi, shaba, risasi na zinki katika mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Hilo ni jarida la heshima, na kazi yao imenukuliwa na watafiti wa nchi nyingi ambao huenda hawajui Msimbazi uko upande gani wa dunia. Tangu wakati huo imepita zaidi ya robo karne, na mtu wa Kigogo anayetaka kuisoma makala inayohusu tuta lake mwenyewe atadaiwa dola kabla ukurasa haujafunguka. Wala madini hayo si ya kusubiri mpaka mtu apate nafasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba wanaodhurika zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua. Isitoshe, mboga za majani kwa jumla hukusanya metali za aina hii kuliko mazao kama nyanya, jambo ambalo mkulima akilijua anaweza kulifanyia uamuzi bila kusubiri mradi wowote.

Kwa nini basi matokeo hayarudi? Wapo wanaosema watafiti wetu wana kiburi. Nimefanya kazi nao, na sikubaliani na kauli hiyo. Wengi wao ni watu wa maana waliozibwa na hesabu. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa alama, na alama hutoka kwenye makala zilizochapishwa katika majarida, ya nje yakipendelewa. Kwenda mtaani kueleza ulichokikuta hakuna alama. Mtu mwenye vipindi kumi na vitano kwa wiki, mitihani ya kusahihisha na ada za watoto za kulipa atafanya kile kinachohesabiwa, nami sioni ningemlaumu vipi.

Hesabu hiyo ina wachuuzi wake. Binti wa kaka yangu ni mhadhiri msaidizi katika chuo ambacho sitakitaja. Alikuwa amemaliza utafiti mzuri wa kutumia mkaa wa vifuu vya nazi uliopakwa chembe ndogo mno za madini ya fedha, ili kuua vijidudu katika maji ya kisima. Asubuhi moja akapata barua pepe iliyomwita Profesa Mheshimiwa, cheo ambacho hata sasa hajakikaribia, ikimwalika achapishe katika jarida linalopokea makala za uhandisi, teknolojia ya nano, elimu, mazingira, famasia, uhasibu “na nyanja zote zinazohusiana”. Aliituma Jumatatu, Alhamisi ikakubaliwa. Maoni ya mhakiki, yaani mtaalamu anayepaswa kuikagua makala kabla haijachapishwa, yalikuwa mstari mmoja: kazi ni nzuri, Kiingereza kirekebishwe kidogo. Mimi ndiye niliyempimia baadhi ya sampuli zile, na nilipoiona makala imetoka nikakuta jedwali lake la tatu lina nukta ya desimali iliyokaa mahali pasipo pake, kiasi kwamba maji machafu yalionekana kusafishwa mara kumi zaidi ya ilivyokuwa. Mhakiki wa kweli angeliona hilo kabla chai yake haijapoa. Alilipa dola 180. Baada ya mwaka mmoja na nusu tovuti ya jarida ikatoweka, makala ikatoweka nayo. “Baba mdogo,” aliniambia, “na kuipeleka kwingine siwezi, kwa sababu imeshachapishwa.”

Asidhani mtu kwamba huo ni ujinga wa msichana mmoja. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon, kwa niaba ya jarida la Science, alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali inayodaiwa kuzuia saratani, akaijaza makosa ambayo mwanafunzi makini angeyaona, akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni, 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya uchapishaji ya OMICS ya India ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti, yakiwemo madai ya kuhakiki makala ambazo hazikuhakikiwa ipasavyo. Biashara hiyo inaishi kwa sababu duniani kote wapo watu wanaohesabiwa makala, na chuo kinachohesabu karatasi bila kuzisoma ni mteja wake, hata kama hakijalipa senti moja.

Nisieleweke vibaya kwamba napinga fani kuchanganyika. Jarida lile lilichanganya fani kwa sababu kila fani ina mlipaji wake. Lakini uchanganyaji wa haki upo, na mfano wake mzuri ni wa hapahapa nchini. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, aliunganisha chujio la mchanga, ambalo babu zetu wangelielewa bila maelezo, na vitu vya nano, yaani vilivyotengenezwa kwa vipimo vya nanomita, ambazo bilioni moja hufanya mita moja. Mchanga unazuia uchafu unaoonekana na sehemu kubwa ya vijidudu. Vitu vya nano vinashughulikia kile ambacho mchanga unakiachia, zikiwemo metali na floraidi. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Kilichonivutia zaidi ya fedha hizo ni kwamba chujio lake hutengenezwa kwa kufuata maji ya mahali husika. Maji ya Arusha yana floraidi inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi, kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuruhusu 4 na hata zaidi, kwa kuwa vyanzo vyenye chini ya hapo havikutosha. Sisi wa Dar es Salaam shida yetu ni nyingine: visima vya karibu na pwani vina chumvi, na vya uswahilini viko hatua chache kutoka chooni.

Weka chujio la namna hiyo mezani uone. Mkemia atauliza chembe inashika nini. Mhandisi atauliza maji yanapita kwa kasi gani na ndoo inapasuka baada ya muda gani. Mtu wa mazingira atauliza zile chembe za nano zinapooshwa zinakwenda kwenye mfereji upi. Na mwalimu, ambaye kwa kawaida huitwa mwisho, atauliza mama mwenye nyumba atajuaje kwamba chujio limekwisha nguvu, kwa sababu maji yasiyo salama yanaweza kuwa meupe kabisa. Swali hilo la nne ndilo huamua kama yale matatu yalikuwa na faida, na ndilo ambalo sijawahi kuliona likitengewa fungu katika bajeti ya utafiti iliyopita mikononi mwangu.

Upande wa elimu una kichekesho chake. Tangu Mlama na Matteru, ambao matokeo yao yalichapishwa na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1978, watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba wanafunzi wetu hawafuati masomo vizuri kwa Kiingereza. Mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002 ukivihusisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Oslo na Western Cape, uliendeleza hoja hiyo kwa majaribio ya darasani. Vitabu vya mradi huo, kwa sehemu kubwa, vilitoka kwa Kiingereza. Mwalimu wa sekondari kule Mbagala, mwenye wanafunzi themanini darasani na anayetafsiri kwa siri kila kipindi ili aeleweke, ndiye aliyethibitishwa kuwa na haki, na hana habari.

Zamani ilitokea vinginevyo. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, akitengeneza aiskrimu, aliwahi nafasi ya friji kwa kuweka maziwa yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, mwalimu wa huko alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hukohuko alimuuliza swali lilelile mgeni aliyetoka chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka lilete jibu lililo sahihi. Nami, kama fundi, naungama kwamba ningesema vilevile. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa mbele ya jina la mwanafizikia. Wataalamu wanabishana juu ya jambo lenyewe mpaka leo, na wabishane. Ninachokitazama mimi ni kwamba aliyeuliza alirudishiwa jibu, tena jina lake likiwa juu yake.

Pendekezo langu ni dogo, na njia yake imeshachongwa. Mtafiti hashuki mtaani bila barua. Chuo kinaandikia mkoa, mkoa unaandikia wilaya, wilaya inaandikia kata, kata inaandikia mtaa, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri. Mwenye kutoka nje ya nchi hupitia kwanza COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Nimeibeba barua hiyo mezani kwa meza mpaka nawajua makarani kwa majina ya watoto wao. Inashuka na ombi, na haipandi na chochote. Naomba vyuo vidai kurasa mbili za Kiswahili, zilizosainiwa na msimamizi, zinazosema kilichopimwa, mahali, tarehe, kilichokutwa, na kinachojulikana kuhusu madhara yake. Zifuate njia ya barua ileile mpaka ofisi ya mtaa, zigongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri huo iambatishwe kwenye tasnifu kabla mtu hajaruhusiwa kuvaa joho. Kwa mhadhiri, ziwe na alama. Wizara ya elimu imekwisha kutangaza tuzo za fedha kwa wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, na ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere kwa wanaoandika riwaya na mashairi kwa Kiswahili. Anayemwandikia mkulima wa mchicha kuhusu risasi hana tuzo wala alama.

Nitaambiwa Kiswahili hakina istilahi. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na maabara tulikuwa nayo nakala moja iliyotumika zaidi kuegemezea dirisha. Maneno yasiyomo humo, “nano” likiwa mojawapo, yameshaingia midomoni mwa watu kama lilivyoingia “intaneti”, bila kusubiri kikao.

Hoja ninayoiheshimu ni ile ya taharuki. Afisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba ukimwambia mtu mboga ya bondeni ina risasi, kesho yake sokoni hanunui mchicha wowote, hata uliotoka Ruvu, na wanaoumia ni akina mama wale wale. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kipimo cha tuta moja hakisemei bonde zima, kwamba maji ya masika si maji ya kiangazi, na kwamba matokeo ya mwanafunzi yanayotolewa bila kuhakikiwa yanaweza kuwa na desimali ya yule binti wa kaka yangu ndani yake. Ndiyo maana nasema msimamizi asaini, na karatasi itaje tuta na tarehe. Lakini taharuki tunayoiogopa ipo tayari, imejaa daladala na makundi ya simu, ikiwa haina hata tarakimu moja. Wanunuzi wa mjini wamekuwa wakiulizana “huu wa bondeni?” tangu nikiwa kijana.

Mwezi uliopita niliketi na ile makala ya mwaka 1999, nikaandika kwa mkono kurasa mbili za Kiswahili pamoja na jedwali, nikaenda Kigogo kumtafuta yule mama. Bustani nilikuta imeachwa, nusu yake imekuwa mahali pa kupaki bajaji, lakini nilielekezwa kwenye genge lake, ambako sasa anauza vitunguu na dagaa. Alinikumbuka. Alisoma polepole, kidole kikitembea kwenye jedwali mstari kwa mstari, kisha akanyanyua uso. “Hizi ni za mwaka 1999,” akasema. “Za ule mwaka mliokuja ninyi ziko wapi?”

Najua zilipo. Ziko rafu ya pili kutoka chini, upande wa kushoto ukiingia. Maktaba hiyo hairuhusu mtu wa nje kuazima wala kutoa nakala, na kitambulisho changu kiliisha muda siku niliyostaafu.

Fundi sanifu mstaafu,
Mburahati, Dar es Salaam